Gurudumu Lililong'aa Kupita Kiasi

Jamani, Kihonda nzima hakuna anayeng'arisha chuma kunishinda. Tangu nimalize masomo ya jioni ya ufundi najiona profesa wa kutu. Juzi mama mmoja wa Kinole aliniletea gurudumu la pikipiki ya zamani ya marehemu mumewe.

"Lisafishe, mwanangu, nataka nilitundike sebuleni."

Nikapiga msasa, nikapaka dawa, nikasugua mpaka kiwiko kikaomba likizo. Katikati, kwenye habu, palikuwa na mikwaruzo miwili iliyokatana. Nikawalaani watoto wa watu, nikaifuta yote. Gurudumu liling'aa hadi jua la Uluguru likaona aibu!

Alipokuja, nikawaita mafundi wenzangu waje washuhudie.

"Shikamoo, mama! Haya, jitazame!"

"Marahaba." Akapitisha kidole kwenye habu, akaligeuza gurudumu, akapitisha tena. "Msalaba uko wapi?"

"Msalaba upi, mama?"

"Aliouchora kwa msumari asubuhi ya harusi yetu, ndipo akanipakia."

Wenzangu wote ghafla wakakumbuka kazi zao. Mama akabaki anajitazama kwenye ule mng'ao wangu.

"Humu nimo peke yangu, mwanangu."