Pete Chini ya Wavu wa Omena

Kabla ya kwenda kisiwani Rusinga nilifanya jaribio. Nilichukua kasuku, ile ndoo ndogo ya plastiki inayobaki jikoni mafuta ya kupikia yakiisha, nikaweka gazeti kavu ndani, nikabana kifuniko kwa ukanda wa mpira niliokata kwenye tyubu ya baiskeli, kisha nikaizamisha kwenye pipa la maji na kuikandamiza kwa tofali. Kulipokucha gazeti lilikuwa kavu kabisa. Simu, ufunguo wa pikipiki na kitambulisho vingekaa humo, navyo vingenifuata majini vikielea nyuma yangu kwa kamba iliyofungwa kiunoni. Nilikuwa nimezipima njia nyingine zote. Kuviacha vitu ufuoni ni kuogelea ukigeuza shingo kila mara, na anayegeuza shingo humeza maji. Kuvitia mfukoni ni kuvipoteza. Kumwomba mtu asiyekujua akushikie ni kumtwika mzigo ambao hakuuomba.

Nilijiandaa hivyo kwa sababu nilikuwa nimeingoja siku ile kwa muda mrefu. Sisi ni Wakuria wa Kegonga, watu wa vilima na mahindi. Maji tuliyoyajua utotoni yalikuwa ya kuchota au ya kuvuka. Nilijifunza kuogelea nikiwa nimeshapita miaka hamsini, kwa kitabu nilichonunua barabarani mjini Migori, ambako kazi yangu ni kufunga mitambo ya sola. Kazi hiyo nayo nilijifunza kwa vitabu. Nililala kifudifudi juu ya benchi nikafanya mazoezi ya miguu, mke wangu akipita na kutikisa kichwa. Baadaye mlinzi wa nyumba moja ya wageni aliniruhusu kuingia kwenye bwawa lao asubuhi kabla wageni hawajaamka. Nilipoweza kulivuka bwawa lile bila kugusa ukingo, nilimpigia simu dada yangu nikamwambia sasa twende ziwani.

Dada yangu ndiye mkubwa wetu. Anaishi Masara, upande wa Suna Magharibi, na anaosha dhahabu. Wanaume huleta mawe kutoka shimoni, mawe husagwa yakawa unga, naye huuzungusha unga huo na maji ndani ya karai mpaka kilicho chepesi kimwagike na kilicho kizito kibaki. Kwa miaka mingi aliosha unga wa watu wengine. Siku alipoosha wake mwenyewe na kupata punje za kutosha kufunika ukucha, hakuziuza. Alimpelekea sonara akamtengenezea pete nyembamba isiyo na urembo wowote. Dhahabu yote iliyofuata ilikwenda kwenye karo, mabati na dawa. Ile pete tu ndiyo iliyobaki, na sikuwahi kuona kidole chake bila hiyo.

Tulitoka alfajiri kwa pikipiki yangu, tukapita Homa Bay, tukavuka daraja la Mbita jua likiwa limepanda. Ufuo tuliouchagua ulikuwa wa wanawake wanaoanika omena. Nyavu zao zilikuwa zimetandazwa juu ya mchanga, zimepakana kama mashamba, na vile visamaki vidogo vilimetameta juu yake hata macho yakauma. Tuliuliza mahali ambapo viboko hawaji, wakatuonyesha kwa vidole. Dada yangu alikuwa amekwisha kuvua viatu.

“Vua na pete,” nilimwambia. “Vidole hunywea kwenye maji baridi. Itakutoka.”

“Mikono yangu inashinda majini kila siku. Haijawahi kutoka.”

“Ikikutoka kwenye karai, utaiona. Ikikutoka humo?” Nilimwonyesha ziwa.

Alilitazama ziwa, akaanza kuizungusha pete kwa mate. Ilipotoka iliacha alama nyeupe kidoleni. Nilimfungulia kasuku. Aliitazama kana kwamba nilikuwa nimemfungulia choo.

“Dhahabu yangu iende kuelea kama boga?”

“Nimeijaribu.”

“Uliijaribu wapi?”

“Kwenye pipa.”

“Na hilo pipa lako lina mawimbi?”

Mwanamke mmoja mnene aliyejifunga kitambaa chekundu kichwani, mwenye wavu uliokuwa karibu nasi, alikuwa akigeuza omena kwa ufagio huku akitusikiliza. “Mama, niachie mimi nikuwekee,” alisema. “Hapa hakuna mwizi. Mwizi wa hapa ni kunguru peke yake.”

Dada yangu alifumba ngumi mara moja. “Sina kitu,” alisema.

Sikushangaa. Kule Masara mwenye dhahabu hasemi. Habari ikitoka kwamba mtu ameona punje mahali, kabla ya jioni pale pamejaa sululu na majembe, na yule aliyeanza hana hata pa kusimama. Kwa hiyo wanaoosha hupata wakiwa kimya, na huzika walichopata palepale walipo, kwa kuwa ardhi haisogei wala haisemi. Hata kitambaa hawafungii, maana pindo likichungulia limeshasema. Dada yangu alitembea polepole, akajifanya anafunga leso vizuri, akachuchumaa kwenye pembe ya wavu wa yule mwanamke, mahali palipowekwa jiwe ili upepo usiuinue. Niliona kidole gumba kikizama mchangani. Alirudi akitabasamu.

“Nimeiweka benki,” alininong’oneza.

Tukaingia. Maji yalinifika magotini, kiunoni, kifuani, kisha nikayaachia miguu. Bwawa la wageni lina kuta, na mwili unazijua hata ukifumba macho. Hapa hapakuwa na ukuta mpaka upeo wa macho. Nilipiga mikono kama kitabu kilivyosema na ziwa likanibeba, likaniinua na kunishusha, nami nikajikuta nacheka peke yangu na maji mdomoni. Dada yangu aliikamata kasuku yangu kwa mikono miwili, akalala juu ya maji na gauni lake limevimba mgongoni, akapiga miguu. “Nasonga!” alipiga kelele. “Omera, ona, nasonga!” Neno hilo la Kijaluo, la kumwita rafiki au ndugu, alilipata Masara, naye hulitumia akifurahi. Wanawake wa omena walisimama na fagio zao wakampigia vigelegele. Alikuwa akinivuta kwa kamba yangu mwenyewe, nami nilimwacha anivute.

Sijui tulikaa humo kwa muda gani. Ninachojua ni kwamba kelele za ufuoni zilibadilika. Nilipogeuka, wingu lilikuwa limetanda juu ya ziwa, jeusi na chini sana, na mbele yake maji yalikuwa yamegeuka rangi. Wanawake walikuwa wakikimbia. Omena iliyokwisha kukauka ikinyeshewa huoza, na iliyooza hununuliwa na wenye kuku tu. Walikunja nyavu na omena ndani yake, wawili wawili, wakizibeba kama wagonjwa hadi kwenye kibanda cha mabati, na mawe waliyapiga mateke yakaruka huku na huku.

“Jiwe langu!” dada yangu alisema. Alisimama, maji yakimfika kifuani, akaiachia kasuku.

Tulifika ufuoni pamoja na mvua. Ilinyesha kama inamwagwa, haikudumu, lakini ilitosha. Ilipokatika, pale palipokuwa na mashamba ya fedha palikuwa na mchanga mtupu uliolainishwa kila mahali, bila pembe na bila mpaka. Kunguru walishuka kuokota omena zilizodondoka. Dada yangu alipiga magoti, akaanza kuchimba kwa vidole. Nilipiga magoti kando yake. Mchanga wa pale umejaa magamba ya konokono, madogo na magumu, na kila gamba vidoleni ni pete. Kila mara nilidhani nimeipata, na kila mara nilitoa gamba.

“Tumwulize mwenye wavu,” nilisema. “Yeye anajua pembe yake ilikuwa wapi.”

“Nyamaza.”

“Dada, watarudi sasa hivi kutandaza. Watapakanyaga pote.”

“Nikimwambia, watajua wote. Wanaweza kunichimbia ufuo mzima.” Uso wake ulikuwa umelowa, na si mvua yote. “Hiyo ndiyo ya kwanza yangu. Nyingine zote zilipita mikononi mwangu zikaenda.”

Yule mwenye kitambaa chekundu alikuwa ameshatoka kibandani na wenzake, akasimama mbele yetu, mikono kiunoni.

“Mnatafuta nini?”

“Kifungo,” alisema dada yangu.

“Kifungo? Watu wazima wawili, mpaka huyu jaduong’, mzee mzima, amepiga magoti, ni kifungo?”

“Labda ni kifungo ya rais,” mwingine alisema, na wakacheka wote.

Dada yangu alitazama mchanga, akatazama miguu ya wale wanawake, ambayo tayari ilikuwa imesogea karibu, hatua moja na nyingine tena. Aliinuka. Alionyesha kidole chake na ile alama nyeupe.

“Pete,” alisema kwa sauti. “Pete ya dhahabu. Niliizika kwenye pembe ya wavu wako, pale palipokuwa na jiwe. Simameni hapo mlipo, tafadhali. Msisogee.”

Kicheko kilikatika. Wote walitulia, mmoja akiwa na mguu hewani.

“Wavu yangu?” alisema mwenye kitambaa chekundu. “Si uliniambia huna kitu! Basi kona yangu ilikuwa hapa.” Alionyesha kwa ufagio.

“Hapana,” alisema jirani yake. “Hapo ni kwangu. Leo umenisukuma.”

“Mimi nimekusukuma? Si ni wewe kila siku unakula mchanga yangu?”

“Muulize huyu. Si wavu yake ilikuwa imefika kwa ile nyasi?”

Ugomvi wa mipaka, ambao nadhani ulianza zamani kabla ya siku ile, uliwaka kweli. Kila mmoja alichora mstari wake kwa kisigino, na pembe moja ikawa pembe nne. Nilichukua kijiti, nikazizungushia zote pembe hizo mpaka mmoja, na eneo likatoka kama chumba kidogo cha kulala. Angalau sasa tulikuwa na kuta. Nilishauri tuchekeche kwa kipande cha wavu kuukuu. Tulijaribu, na mchanga uliolowa ukakaa juu ya wavu kama ugali.

“Acha,” dada yangu alisema. “Nipeni karai.”

Walileta makarai, mabeseni na sufuria moja yenye masizi. Alichukua karai, akachota mchanga kutoka pembe ya chumba, akaingia majini hadi magotini, akachutama. Nilikuwa nimemwona akifanya kazi hiyo Masara, lakini kwenye dimbwi la maji ya tope. Hapa alikuwa na ziwa zima. Aliinamisha karai, akalizungusha kwa viganja, na mchanga ukatoka kwa ukingo kama moshi majini. Magamba yakafuata. Mwishoni kulibaki mstari mweusi wa mchanga mzito. Aliupekua kwa kidole kimoja na kuumwaga.

“Kumbe ni hivyo tu?” alisema mwenye kitambaa chekundu, akachota.

“Si hivyo. Unakoroga uji. Zungusha. Kizito kiache kilale chini.”

“Mimi nimeosha omena tangu nizaliwe, mama.”

“Omena inaelea. Hii inalala.”

Baada ya muda mfupi maji yalikuwa na msururu wa wanawake walioinama, magauni yamefungwa mapajani, wakizungusha na kutukanana kwa furaha. Mimi nilikuwa mchimbaji. Nilichimba kwa utaratibu, kutoka ukuta hadi ukuta, kina cha kiganja, ili pasibaki mahali pasipoguswa. Nusu ya chumba ilikwisha. Robo tatu. Dada yangu aliacha kuwasahihisha wenzake. Alikuwa akiosha kimya, haraka zaidi, na nilijua anahesabu mchanga uliobaki kama nilivyokuwa nikiuhesabu.

Karibu na mstari wa yule jirani, aliyesema amesukumwa, nilijaza beseni lake, naye akaenda nalo akinung’unika. Alizungusha, akamwaga, akazungusha. Kisha akasimama wima.

“Hii hapa!” Aliiinua juu ya kichwa, na jua lililokuwa limerudi likaishika. “Kwenye mchanga yangu! Si nilisema ni kwangu?”

“Shusha mkono!” dada yangu alimkemea, akikimbia majini huku akitazama huku na huku. “Shusha, watu wataona!”

“Watu gani? Si ni sisi?”

Dada yangu alisimama. Aliwatazama mmoja mmoja, wote wakiwa wamelowa na mikono imejaa mchanga mweusi. Halafu akacheka hadi akashika goti. Pete ilipita mkononi mwa kila mmoja, kila mmoja akaipima uzito na kushangaa kitu chembamba vile kuwa kizito hivyo, na dada yangu akaifuata kwa macho, mkono kwa mkono, bila kunyoosha wake kuidai, mpaka ilipomfikia yenyewe.

“Na hapa kwetu,” aliuliza mwenye kitambaa chekundu, akimsogezea karai lenye ule mstari mweusi, “hakuna?”

Dada yangu aliinama. Alitazama mchanga ule kwa umakini wa kazi yake, akausogeza kwa kidole, akautazama tena. Wanawake walisogea na makarai yao.

“Hakuna,” alisema.

“Umeangalia sana, mama.”

“Nimeangalia kwa sababu umeniuliza. Hakuna.”

“Haya,” alisema yule, akawatazama wenzake, nao wakamtazama. Kisha akachota karai jingine.

Sisi tulirudi majini, pete ikiwa kidoleni na kidole kikiwa ndani ya ngumi, kwa hiyo dada yangu alikuwa akipiga maji kwa mkono mmoja na kuzunguka mahali pamoja kama mtumbwi wenye kasia moja. Ufuoni nyavu zilikuwa bado zimekunjwa na jua linawaka bure. Wanawake walikuwa wamesambaa hadi kwenye nyasi, kila mmoja na chombo chake.

“Unamwaga kwa nguvu!” dada yangu alimpigia kelele mmoja wao, akitema maji. “Polepole! Hata kama ingekuwepo, hapo ungeshaimwaga!”

“Umesema ingekuwepo?” sauti ilijibu kutoka ufuoni, na makarai yote yakaongeza kasi.