Yule Mama wa Kijapani Ndani ya Gari

Gari langu la kwanza lilikuja likiwa na mtu ndani. Lilitoka Japani kwa meli, likapita Dar es Salaam, likavuka Zambia, likafika Lubumbashi na usukani wake upande wa kuume kama magari mengi ya mji huu. Kila nilipoliwasha, sauti nyembamba ya mwanamke ilitoka karibu na usukani, ikasema maneno marefu, kwa adabu kabisa, kwa Kijapani. Mimi nilicheka. Mama yangu hakucheka.

"Ule mwanamuke anasema nini?"

"Sijui, mama."

"Na kama iko natutukana? Miye sipande mu ile motokari mpaka anyamaze."

Nikachoka. Gari lile nililinunua kwa safari moja tu. Dada mkubwa wa mama anakaa Sakania, mpakani na Zambia, na watoto wake walikuwa wametupigia simu: mama mkubwa ameanza kusahau watu. Juzi alimuuliza mwanawe mwenyewe anatoka wapi. Mama, kwa magoti yake mabovu, kupanda basi hawezi tena. Bila gari langu hakuna safari, na kule Sakania siku zilikuwa hazitungoji.

Mimi ni mwalimu. Kila siku nawapigia watoto kelele: someni maelekezo kwanza! Basi nikaketi ndani ya gari, nikawasha kioo cha redio, nikatafuta mipangilio. Jamani! Herufi za vijiti, za vijumba, za madirisha madogo, zote Kijapani. Nikampigia simu mdogo wangu, anayetengeneza kompyuta za ofisi moja katikati ya mji. Akajibu bila hata kuniuliza hali, mimi dada yake mkubwa.

"Yaya, iko mwepesi. Ingia mu reglage, tafuta luga, uweke Kifaransa."

"Mipangilio yote, hata hilo neno lugha lenyewe, ni Kijapani! Nilitafute kwa kunusa?"

"Basi zima, uwashe tena."

Hiyo ndiyo dawa yake ya kila kitu. Angekuwa daktari angetumaliza ukoo mzima. Nikazima, nikawasha, nikabonyeza huku na huku kwa hasira. Kioo kikawa cheusi, halafu kiti kikaanza kunichoma matako. Mwezi wa kumi, jua la Lubumbashi linakausha mpaka mate, na gari linanipasha moto!

Kwenye simu nikapata video ya bwana mmoja mwenye gari kama langu. Akazungumza robo saa juu ya maisha yake, kisha akasema: bonyeza kitufe hiki. Kitufe hicho kwangu hakipo. Mwisho akasema, ikishindikana muulize aliyekuuzia. Nikampigia aliyeniuzia.

"Mama mwalimu," akasema bila haya, "ile haiko kosa, iko opsyoni, kitu ya nyongeza. Bengine banaitafuta."

Nikamkatia simu.

Mama naye akatafuta dawa yake. Jumapili baada ya misa alimleta padri abariki gari, kama tunavyofanya kwa gari lolote jipya. Padri akanyunyiza maji ya baraka kwenye magurudumu na viti, akaniambia niwashe. Katikati ya sala yule mwanamke akaanza na yeye, maneno yake yote mpaka mwisho. Padri akamngoja, akaitikia "Amina," akaendelea. Nilijificha nyuma ya gari kwa kicheko. Mama hakutikisika.

"Balimubariki bule," akasema. "Angali anasema."

Wiki iliyofuata mwalimu mwenzangu akaja na simu yake inayotafsiri, akaiweka karibu na sauti. Simu ikaandika: kadi ya barabara haijaingizwa. Kumbe! Maskini, muda wote huo alikuwa anadai kadi ya kulipia barabara za kwao.

"Basi umupe kadi," mama akasema.

"Kadi gani, mama?"

"Yako ya kuchagulia."

Nilijaribu, Mungu anisamehe. Ile kadi ninayopigia kura niliisukuma kwenye tundu la chini ya usukani mpaka vidole vikauma. Haikuingia.

Mwishowe nikaenda kwa fundi mmoja wa Ruashi, mzee asiyependa maneno. Alisikiliza, akaingiza mkono chini ya usukani, akachomoa kisanduku kidogo kama kipande cha sabuni. "Njo hii inasema," akasema. Kazi ya dakika mbili! Nilirudi nyumbani napiga honi tangu kwenye kona.

"Mama! Amenyamaza! Kesho Sakania!"

Mama aliacha matembele aliyokuwa anachambua, akaja akaketi ndani. Nikawasha. Kimya. Nikangoja anipongeze. Alitazama mbele tu, mikono juu ya mapaja.

"Na kama yaya hatanijua?" akasema.

Nilizima gari. Wiki zote zile mimi nagombana na redio, kumbe mama anaomba isipone, safari isiwepo. Hasira yote iliniishia. Nikamshika mkono, tukakaa hivyo mpaka jirani akaja kuuliza kama gari limekufa.

Kesho yake, bila mimi kumwambia neno, alitoka amevaa kitenge chake cha misa. Tulisafiri, vumbi limetujaa puani. Mama mkubwa alikuwa ameketi kwenye benchi, barazani kwake. Mama akasimama mbele yake. Mama mkubwa akamtazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu, muda mrefu, na mimi nasali. Halafu akakunja uso.

"Weye," akasema. "Nguo yangu ya maua iko wapi?"

Mama akapiga magoti, yale yale mabovu, akicheka na kulia pamoja.

"Nilivaa mpaka ikapasuka, yaya."

"Nilijua tu ni weye uliibeba. Mwizi weye," akasema mama mkubwa, akajisogeza kumpa nafasi kwenye benchi.