Msusi wa Mikeka na Hotuba ya Nguva

Pale Mohoro, hotuba haikuwa hotuba mpaka msusi wa mikeka aitolee hukumu, na hukumu hiyo jirani yake Sijaona aliisoma vidoleni mwa msusi. Msusi hakwenda mkutanoni bila ukili wake, ule utepe wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka. Msemaji akichosha, vidole vilikwenda mbio. Akidanganya, vilikwenda mbio zaidi, na midomo iliyobana ukindu ikatoa mguno kama wa paka aliyenyimwa dagaa. Siku akida alipotangaza kwamba vita vya maji vi karibu kwisha, msusi alimaliza ukili wa mkeka mzima. Leo karani wa akida alisimama na koti lake la vifungo, akawakataza wavuvi kuua nguva, yule mnyama mkubwa wa baharini. "Koti lasema kuliko mwenyewe," msusi alinong'ona, na Sijaona akauma kanga asicheke. Karani akaendelea: nguva hunyonyesha kifuani kama mwanamke, na mwanawe akichukuliwa, mama huzunguka palepale, akiibuka na kutazama, akiibuka na kutazama.

Vidole vikasimama. Sijaona aligeuza uso, maana askari walimfunga bomani mwana wa msusi tangu vita vianze, na kila asubuhi mama yake alipita mbele ya lango la boma akisuka.

"Vipi leo, dada?" Sijaona aliuliza baada ya watu kutawanyika.

"Kasema vizuri sana," msusi alijibu, akiokota ukindu uliomwanguka. "Ila kakosea wasikilizaji. Akawaambie askari."