Mabati Yangu Yako Machame

Ile nyumba ya mjini Moshi tuliijenga wawili, mimi na mpenzi wangu, enzi za Mwingereza. Miti na udongo vilikuwa vyake, na kukandika alikandika mwenyewe. Mabati niliyanunua mimi, kwa cherehani yangu ya barazani. Ndoa hatukufunga. Yeye Mlutheri wa Machame, mimi Mwislamu wa mjini, na kila upande ulingoja mwenzake abadili dini. Mama yake nilimwamkia mara moja tu, sokoni Bomang'ombe. Shikamoo yangu hakuiitikia, na iliniuma.

Baada ya miaka saba tulichokana, basi. Tukamwita mzee wa mtaa atugawie nyumba. Alitusikiliza, akakuna ndevu, akasema kila mtu achukue alicholeta.

Nilipandwa na hasira. Nilitaka kubaki palepale, kwenye baraza yangu na wateja wangu, sasa ninaambiwa nibebe mabati niende nayo wapi? Asubuhi yake nikaegemeza ngazi, nikapanda na nyundo. Nilikuwa nimeshang'oa matatu mwenzangu aliporudi kula mchana. Akasimama uani akinitazama.

"Utayaezeka wapi hayo?"

"Na wewe utalala kwenye kuta zisizo na paa?"

Akaanza kucheka. Nami nikacheka, huku nimeing'ang'ania ngazi nisianguke. Watu wazima wawili, tunabomoa nyumba nzima ili kila mmoja apate haki yake.

Nikashuka, nikachemsha chai, tukagawana upya kabla vikombe havijapoa. Kuta zibaki kwangu. Mabati ayapeleke kwao, maana nyumba ya mama yake ilikuwa ya nyasi na ilivuja. Akayapandisha Machame, mimi nikaezeka kwa madebe ya mafuta ya taa yaliyokunjuliwa. Mvua ikinyesha nilikuwa sisikii hata sauti yangu humo ndani, lakini nilikuwa kwangu, na nilifurahi kwelikweli.

Masika yalipokwisha alikuja na mkungu wa ndizi begani, akautua barazani.

"Umetoka kwa mama," akasema. "Anasema mwaka huu mvua ameisikia tu, haijamgusa. Anakusalimu sana."

Nikasimamisha cherehani. Nikauangalia ule mkungu, ndizi zimejaa vizuri, umefungwa kwa majani makavu na mtu aliyejali.

"Mwambie shikamoo," nikasema, na safari hii nilijua itaitikiwa.