Mamluki wa Halidi

Kisiwa cha Nzuwani kilipojitenga na nchi yetu, sisi wa Moroni, mji mkuu, tulimshuku kila mtu wa Mutsamudu, mji wa kisiwa hicho. Mwenzangu ofisini, Halidi, alikuwa wa huko. Asubuhi moja nikamsikia akinong'ona kwenye simu:

"Nimeshakodi mamluki arobaini. Kesho tunaiteka ngome."

Mamluki walishawahi kutupindulia serikali! Nikakimbia kuwaita askari, nikawaongoza mwenyewe hadi mezani kwake, kifua mbele kama jemadari.

"Mamluki wako wapi?" sajenti akafoka.

Halidi akaigeuza kompyuta. Kwenye skrini vijitu vyenye mapanga vilisimama safu, kimoja kimepanda joka.

"Ni mchezo, afande. Nilikuwa namsimulia shemeji yangu."

Sajenti akanigeukia taratibu. "Mama, na joka hili tulikamate?"