Yule wa Kusini Amerudi

Mke wangu aliondoka duniani na swali moja ambalo Ujiji nzima hakupatikana wa kumjibu. Halikuwa la dini wala la mirathi. Alitaka kujua kama yule mwigizaji wa Kihindi, ambaye sisi tulimwita Wa Kusini, bado yu hai, na kama yu hai, atarudi lini kwenye picha. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi mwenyewe nilikuwa nacheka.

Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo naandika kama ninavyoongea, na nikiongea huwa napotea njia. Wanangu wamezoea, hunisubiri nirudi.

Kazi yangu ilikuwa ufundi wa karabai. Siku hizi wavuvi wana taa za betri, hakuna anayenitafuta, lakini zamani mtumbwi haukuingia ziwani bila karabai, na karabai haikukosa kuharibika. Unaijaza mafuta ya taa, unaipampu, inawaka nyeupe mpaka macho yanauma, na dagaa wanaufuata ule mwanga kama watoto wanaofuata ngoma. Ila mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawana habari na taa zako. Ziwa lote linang'aa, wafuate karabai ya nini? Kwa hiyo siku za mbalamwezi wavuvi walikuwa hawaingii ziwani. Mitumbwi ilivutwa mchangani, nyavu zikashonwa, na baada ya alasiri watu wote, wenye harufu ya samaki na wasio nayo, waliingia kwenye banda la video. Ndiyo ilikuwa sikukuu yetu ya kila mwezi. Sehemu nyingine watu wanaangalia mwezi kwa ajili ya kufunga na kufungua. Sisi tuliuangalia pia kwa ajili ya Wahindi.

Banda lilikuwa la mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia. Wanawake walikaa mbele kwenye mikeka, wanaume nyuma kwenye mabenchi, na pembeni ya runinga alikaa mtafsiri na kipaza sauti chake. Mtafsiri huyo alikuwa kondakta wa basi kabla ya hapo, na neno la Kihindi hakuwa analijua hata moja. Alitazama nyuso, akasema kinachofaa. Wahindi wa watu wanaongea mpaka mishipa ya shingo inasimama, yeye anasema, "Amekataa." Mwingine anatamka neno moja tu, yeye anaeleza mpaka wimbo unaanza. Tulimwamini. Tungemwamini nani mwingine?

Nikumbuke nisisahau jinsi jina lilivyopatikana. Kulikuwa na Mhindi mwenye duka la vipuri kule Kigoma mjini, ndiko nilikonunua vifaa vya karabai. Siku moja mke wangu akanikabidhi kasha la kanda ya yule mwigizaji, nimwulize yule bwana kinachosemwa mle ndani. Alilitazama kasha, akanirudishia.

"Huyu mtu wa kusini, fundi. Lugha yake mimi sijui."

"Mhindi gani wewe hujui Kihindi?"

"Wewe Muha. Mmakonde akikutukana kwa kwao, utajua?"

"Nitajua kwa uso."

"Basi na wewe kamwangalie uso."

Nikarudi na jibu hilo, wanawake wakacheka hadi wakakaa chini, na tangu siku hiyo yule dada akawa Wa Kusini. Jina lake la kweli lilikuwa limeandikwa kwenye kasha kwa maandishi ya mviringo, kama mtu aliyemwaga maharage, hakuna aliyeweza kuyasoma.

Sasa sikiliza kosa letu. Kanda zilikuja kama zilivyotaka zenyewe, nyingine kwa treni kutoka Dar es Salaam, nyingine kwa boti kutoka Bujumbura. Hazikuja kwa mpangilio wa umri. Tulimwona kwanza akiwa mke wa hakimu, mama mzima mwenye funguo kiunoni. Kanda iliyofuata akaja akiwa askari anayepiga wanaume mateke. Baada ya hapo akaja msichana wa shule mwenye nywele za misuko miwili na utepe. Watu wakasema Wahindi wana dawa, wanarudi nyuma badala ya kwenda mbele. Wengine wakasema ni mama na binti. Mvuvi mmoja akaapa kwamba ni mapacha watatu, akakubaliwa na benchi zima.

Mke wangu peke yake ndiye aliyekaa akalipanga jambo hilo. Alikuwa anaanika dagaa mwaloni, pale ufukweni samaki wanaposhushwa, na mikono ikiwa kazini kichwa kinakuwa huru. Akatuambia, "Ni mmoja. Tazameni mkono wake akivaa bangili. Ulikuwa mwembamba, ukajaa." Akampangia maisha yake. Alianza kwa kucheza nyuma ya wengine kwenye mstari wa wasichana, kwa sababu kuna kanda moja ya mtu mwingine kabisa ambamo mke wangu alimwona kule nyuma, wa mwisho kushoto, akikosea mguu. Akapewa kuwa mdogo wake bibi harusi. Akawa bibi harusi mwenyewe. Walipochoka kumwona analia wakampa bunduki. Mke wangu aliyasema hayo kama mtu anayemsimulia shangazi yake.

Na alijua kusimulia. Wanawake wengi wa mwaloni hawakuweza kuja bandani, mmoja ananyonyesha, mwingine mume wake mkali, kwa hiyo kesho yake asubuhi yeye aliwapa picha nzima huku wakigeuza dagaa. Hakuanza na hadithi. Alianza na nguo. "Alivaa ya kijani, kijani ya jani la mgomba likiwa na umande, pindo la dhahabu, begani imeshikwa na pini." Mpaka amalize nguo, wameshamwona, hapo ndipo anamwachia atembee. Alama yake kubwa ilikuwa hii: kabla ya kugombana na mtu, Wa Kusini huchomeka kwanza ncha ya sari kiunoni, taratibu, kama anayejiandaa kuosha vyombo. Na akitaka kulia huanza kwa kucheka upande mmoja wa mdomo. Mke wangu aliviigiza vyote viwili, na dagaa mkononi.

Yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji, nimesahau kusema. Kabla hatujaoana aliimba kwenye harusi za Ujiji yote hadi Mwandiga, wakimfuata kumchukua. Hakuna aliyemzuia kuimba. Watoto walikuja, wakafuatana, sauti ikabaki ya kubembelezea. Wakati mwingine akipepeta mchele nilikuwa nasikia kipande cha wimbo kinaanza, halafu kinakatika, kama amekumbuka kitu jikoni.

Ikaja kanda ambayo Wa Kusini anafia kwenye moto, akimwokoa mtoto wa mke mwenzake. Bandani watu walilia, na wavuvi walisingizia moshi wa sigara. Baada ya hapo hakuna kanda yake nyingine iliyokuja. Mbalamwezi ya kwanza hakuna, ya pili hakuna, ikapita miaka. Siku moja mtafsiri akasema kwenye kipaza sauti, kwa ile sauti yake ya msibani, "Ndugu watazamaji, yule dada alishafariki. Moto ule ulikuwa wa kweli." Nadhani alichoka tu kuulizwa. Lakini wanawake wa mwaloni walishika tama asubuhi nzima, na mmoja wao, Mrundi aliyekuja na wazazi wake akaolewa hapa hapa, rafiki mkubwa wa mke wangu, akajifunga kanga ya pili na kusema tumwombee.

"Umwombee nani?" mke wangu akamuuliza. "Mwenzako yuko kwake anapika."

"Oya," akakataa kwa Kirundi, "amekufa. Mtafsiri kasema."

"Mtafsiri ndiye aliyemzika? Hajafa huyo. Ameolewa."

"Anayeolewa si anaonekana sokoni?"

"Wewe nani alikuona sokoni mwaka ulioolewa?"

Ubishi huo uliendelea mpaka nywele zao zikawa nyeupe. Akipita Mrundi nyumbani kuomba chumvi, mke wangu anamwita, "Mama Matanga!" Naye anajibu, "Mama Harusi! Bwana harusi hajambo?" Wanacheka. Lakini mgeni akiondoka mke wangu huniuliza kwa sauti ya chini, "Baba watoto, hivi atarudi kweli?" Mimi namjibu, "Atarudi," kama mtu anavyojibu akiwa na bisibisi mdomoni. Sasa natamani ningeiweka chini ile bisibisi.

Hata alipougua aliuliza. Kifua kilikuwa kimembana, maneno anayahesabu, na mojawapo akalitumia kwa hilo. Akamwuliza Mrundi aliyekuwa anamkanda miguu, "Hajaonekana?" Mrundi akasema, "Bado." Nilimshukuru moyoni kwa kusema bado.

Mwaka huu nimekuwa nakaa kwa binti yangu kule Gungu, maana macho yananisumbua na hospitali iko karibu na kwake. Ni fundi cherehani, runinga yake inaongea siku nzima na yeye anashona. Siku hizi Wahindi wanazungumza Kiswahili wenyewe, tena fasaha kuliko mimi, kondakta wa basi hana kazi. Nilikuwa nimekaa tu, nasikia zaidi kuliko kuona. Mama mmoja mwenye mvi akatokea, mama mkwe wa mtu, mnene kidogo. Kijana alikuwa anamjibu vibaya. Yule mama akamgeukia. Akashika ncha ya sari, akaichomeka kiunoni, taratibu.

Nikasimama. "Ni yeye."

"Nani, Baba?"

"Wa Kusini!"

"Baba, wewe Wahindi wote unawaona sawa. Juzi ulisema msoma habari ni jirani yetu."

"Nyamaza, tazama mdomo."

Na kweli, mdomo ukacheka upande mmoja, ndipo machozi yakaja. Bangili ilikuwa imemkaza mkononi. Nikamwambia binti yangu, haraka, kabla hajapita:

"Mwite mama yako aje aone!"

Cherehani ikasimama. Binti yangu hakunisahihisha. Alinitazama, akainama akachukua simu yake, akaanza kutafuta, maana simu siku hizi zinajua kila mtu. Akaniuliza picha zake za zamani, nikamtajia askari, mke wa hakimu, moto. Alitafuta muda mrefu. Halafu akanisomea polepole: kwamba alianza kwa kucheza nyuma ya wengine, akapanda, akawa mkubwa sana huko kwao kusini, akaolewa, akaacha kazi, akalea watoto wake mpaka wakakua, na sasa amerudi, anaigiza akina mama.

"Ameolewa," nikasema.

"Ndiyo, Baba. Mama alikuwa anasema kweli."

Usiku nililala kama watu wengine. Asubuhi nikapanda bodaboda mpaka Ujiji, nikashuka mwaloni na fimbo yangu. Mrundi bado anaanika, ingawa wajukuu ndio wanaobeba. Aliponiona alisimama, mkono mgongoni.

"Karibu, shemeji. Gungu wamekufukuza?"

"Amerudi," nikamwambia.

Hakuuliza nani. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akaziangalia dagaa zake.

"Umemwona wewe mwenyewe?"

"Kwa macho haya."

"Macho hayo yako hospitali."

"Binti naye kaona. Aliolewa, akalea watoto, amerudi. Ana mvi kama sisi."

Akatikisa kichwa, akatazama upande ule ambako mke wangu alikuwa anatandaza zake, kuna mtu mwingine sasa. "Ego," akasema, ndiyo ya kwao. "Mama Harusi kanishinda. Na hayupo anicheke." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Wanawake vijana walikuwa wameshasogea, wanasikiliza, mikono ikigeuza dagaa.

"Haya, tusimulie," akasema.

Nikaanza. Nikasema kulikuwa na kijana mmoja jeuri, akamjibu mama mkwe wake vibaya...

"Ngoja, ngoja. Alivaa nini?"

Nikajaribu kukumbuka. Ilikuwa nyekundu, au rangi ya udongo. Pindo sikuliona. Nilikuwa nimetazama mikono na mdomo tu.

"Mwenzako angeanza na nguo," Mrundi akasema.

"Najua."

"Basi rudi Gungu ukatazame tena, kesho uje uanze upya."

Nilirudi. Nimekaa karibu kabisa na runinga, binti yangu analalamika kwamba nitaharibu na hayo macho yaliyobaki. Namsubiri atokee, nione ni nyekundu ya namna gani, na begani imeshikwa na nini.