Mchezo wa kiondo nilioandika kwa code, na siku wakwe wa Othaya walipokuja kunikagua

Wakuu, salamu kutoka Skuta hapa Nyeri, ambako asubuhi hii mlima umejitokeza wote bila wingu hata moja.

Ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe. Mwenye shaka aje amuulize mke wangu, yuko jikoni.

Nawaona vijana humu wakijisifu eti wameunda app. Hongera. Lakini mimi niliandika game mjini Nyeri miaka ya themanini, wakati ukitaja kompyuta watu walidhani ni aina ya taipureta.

Nianze na nilikotoka, ndipo mjue mnaongea na nani.

Mama yangu alikuwa akisuka viondo, vile vikapu vya mkonge. Kazi yangu utotoni ilikuwa kumsokotea mkonge kwenye paja mpaka ngozi iwake. Kutoka hapo nilijisomesha, nikavuka bahari, nikafagia maghala ya watu, nikapata diploma ya kompyuta Uingereza. Diploma hiyo iko ukutani mpaka leo, ndani ya fremu, na kioo chake hufutwa kila Jumamosi.

Mji niliosomea ulikuwa wa viwanda vya nguo. Tulipelekwa kuona mashine ya zamani ya kusuka iliyoongozwa na kadi zenye matundu. Penye tundu uzi unapanda, pasipo na tundu uzi unabaki chini. Wanadarasa wenzangu waliona historia. Mimi nilimwona mama.

Kwa hivyo wenzangu waliporudi nyumbani na magari, mimi nilirudi na kompyuta. Ilikuwa keyboard tu, unaiunganisha na TV, na programu unazihifadhi kwenye kaseti ya kawaida ya muziki.

Nikaanza kuandika mchezo wa kiondo.

Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi. Kompyuta inachora kiondo kuanzia kitako kwenda juu, mstari kwa mstari. Ghafla inasimama na kukuuliza rangi inayofuata. Ukijibu vizuri, kiondo kinapanda. Ukikosea, mistari inafumuka mbele ya macho yako.

Ujanja wangu, na hapa naomba mnisikilize, ni kwamba sikuweka mchoro hata mmoja ndani. Kumbukumbu ya mashine ile ilikuwa ndogo, haingetosha. Niliweka sheria za kusuka tu. Rangi zinapangwaje, mstari unasogea upande gani, kona inageuka wapi. Mchezaji anaandika jina lake, code inageuza herufi kuwa namba, na namba hiyo inazaa mchoro. Jina moja, mchoro mmoja, leo na kesho.

Toleo la kwanza lilitoka limenyooka kama ndoo. Nikakumbuka mama alivyokuwa akiongeza nyuzi kitako kinapopanuka. Nikaandika hilo pia, na kiondo kikapata tumbo. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Sasa mambo ya moyo.

Nilikuwa nimempata Wangeci, mwalimu wa chekechea, mtoto wa Othaya. Wazee wangu walikuwa wameshaenda kwao mara ya kwanza. Lakini baba yake, Mzee Kahiga, mkulima wa chai, aligoma kuzungumzia mahari kabla ya itara. Kwa wasiojua, itara ni ile ziara ambayo watu wa msichana wanakuja kuona mahali mtoto wao atakapoishi na kupika.

Alituma neno wazi. Ameambiwa mimi hucheza na TV mchana kutwa. Akikuta ni kweli, Wangeci anabaki kwao.

Jirani yangu Otieno, polisi aliyetoka magharibi, alinipa ushauri wa bure.

"Ficha hiyo mashine chini ya kitanda. Chukua viti vyangu, useme wewe ni karani."

"Karani wa wapi?"

"Wa popote. Wazee wanapenda karani."

Viti nilichukua. Mashine niliiacha mezani, juu ya kitambaa cheupe. Sikufagia maghala ya wazungu ili nije kujificha chini ya kitanda pamoja na kazi yangu.

Walifika watatu pamoja na Wangeci: Mzee Kahiga, mama Wangeci, na shangazi mmoja mwenye mdomo, Tata Njoki.

Mzee alizunguka nyumba nzima, jambo ambalo halikuchukua muda maana ilikuwa chumba na jikoni. Akasimama dirishani.

"Ng'ombe iko wapi?"

"Baba, hapa ni mjini."

"Nimeona ni mjini. Nimeuliza ng'ombe."

Tata Njoki alikuwa ameshakaa. "Viti ni mzuri," akasema. "Vimeandikwa Otieno huku chini, lakini ni mzuri."

Wangeci alitazama sakafu. Mimi nilimimina chai.

Mzee akaelekeza fimbo yake mezani. "Na hii ndiyo ile TV?"

Nikaona hakuna njia ya kuzunguka. Nikaweka kaseti, ikalia kama nyuki ndani ya kopo mpaka programu ikaingia. Nikamwambia Wangeci aandike jina lake.

Nikaondoa maswali ya rangi ili kijichore chenyewe, naye akaandika kwa kidole kimoja. Kitako kikajichora, kikapanuka, mistari ikaanza kupanda. Kahawia, nyeupe, kahawia. Zambarau ikaingia kama kona zinazopanda, na zilipofika begani mwa kiondo, karibu na mdomo, zikarudi nyuma mara moja, kisha zikaendelea.

Mama Wangeci, ambaye tangu aingie hakuwa amesema zaidi ya salamu, aliweka kikombe chini.

"Nani alikuonyesha hiyo?"

"Hakuna, mama. Imetoka kwa jina."

"Usinidanganye, kijana. Hiyo ni kiondo ya mama yangu."

Tata Njoki alisogeza kiti karibu. "Ni yake," akasema polepole. "Ile kona ya kurudi. Hakuna mwingine alikuwa anaifanya."

Ndipo nikaelezwa. Nyanya huyo alikuwa fundi wa viondo kule Othaya, na nyumba yake iliteketezwa wakati wa emergency, ile hali ya hatari ya wakoloni, na viondo vyake vyote ndani. Mama Wangeci alikuwa msichana mdogo. Alikua akijaribu kukisuka kile kiondo kwa kukumbuka, na kila mara alikwama pale begani, asijue kona inarudije.

Na jina la nyanya huyo? Mnajua desturi yetu ya kuwapa watoto majina ya babu na nyanya zao. Alikuwa Wangeci.

Mama alisimama, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, akaanza kuhesabu nyuzi kwa kidole.

Stima ikapotea.

Kioo kikawa cheusi na kidole chake bado kiko hewani. Hakulia. Alibaki tu amesimama hivyo.

Mzee Kahiga alipumua. "Sasa hiyo ndiyo kazi yako? Stima ikienda, kazi imeenda?"

Wakuu, mtu mwingine angetoka jasho. Mimi nilikuwa naijua code yangu.

"Baba, kunyweni chai. Stima ikirudi, kitarudi vile vile. Kisiporudi, nitakusindikiza hadi stendi na sitakusumbua tena."

Wangeci aliinua macho akanitazama kama nimeuza shamba.

Tulikaa. Chai ikaisha, ikapikwa nyingine. Tata Njoki akaniuliza kama Uingereza kuna viazi. Mama Wangeci hakurudi kwenye kiti, alisimama kando ya meza, mkono juu ya ile TV iliyozimika kama anayeangalia kama mtoto ana homa.

Stima iliporudi, niliweka kaseti upya. Safari hii nilimwachia mama aandike mwenyewe. Nilimwonyesha herufi moja moja. W, kisha A, mpaka mwisho.

Kitako. Tumbo. Kahawia, nyeupe, kahawia. Zambarau ikapanda, ikafika begani, ikarudi nyuma mara moja, ikaendelea.

"Haya," akasema mama, kwa sauti ndogo. Halafu akamgeukia mumewe. "Baba Wangeci, mimi sitoki hapa kabla sijamaliza kuhesabu. Nyinyi ongeeni mambo yenu ya mahari."

Tata Njoki alicheka mpaka akajipaliza. Mzee alikaa kwenye kiti cha Otieno, akaweka fimbo katikati ya magoti, akakubali kikombe kingine. "Lete wazee wako," akaniambia. "Na siku hiyo kuwe na ng'ombe mahali."

Siku ya harusi Wangeci aliingia Skuta na kiondo hicho begani, mkonge mpya, rangi zilizochemshwa na mama yake. Mashine ile ilikufa zamani. Kiondo kipo, na mkanda wake wa ngozi umeshonwa upya.

Mzee Kahiga ametangulia mbele ya haki. Lakini mashine ilipokuwa bado hai, akija na mgeni kwangu, alimkalisha mbele ya mashine, akiegemea fimbo kama code ameiandika yeye. "Andika jina lako. Huyu mkwe wangu ukimpa jina, anakupa kiondo."

Funzo nililopata ni hili. Ulichojifunza ugenini usikifiche chini ya kitanda kwa kuogopa wakwe. Na ukienda kusoma, beba na paja lako lililosokota mkonge, maana kule darasani nilijifunza kuandika code, lakini cha kuandika nilitoka nacho nyumbani.

Wajuaji mtakuja kusema ilikuwa bahati, kwamba michoro inayokubali sheria hizo haikuwa mingi na mmoja ungeangukia hapo. Inawezekana. Sheria lakini niliziandika mimi.

Haya, uwanja ni wenu. Code niliihamisha kwenye simu na bado inafanya kazi. Weka hapo chini jina la nyanya yako na kiondo chake unavyokikumbuka, nitakuchorea tuone kama ni chenyewe.